Msizisafishe kanda za Ugogo kwa kumbukumbu ya sikio

Barua ya wazi kwa wapenda sauti, mafundi wa studio na watunza kanda wa Dodoma

Ndugu zangu,

Nawaandikia ninyi mnaoweza kubishana kuanzia magharibi hadi usiku wa manane kuhusu spika ipi inatoa besi ya kweli, ninyi mliohifadhi santuri za wazazi wenu chini ya kitanda, na ninyi vijana wa studio za mjini mnaoletewa kanda za zamani za nyimbo za Kigogo mzitie kwenye kompyuta na kuzisafisha. Nawaheshimu. Bila watu wenye mapenzi kama yenu, sauti nyingi za uwanda huu wa kati zingekuwa zimeishia jalalani.

Kuna kauli moja mnayoitumia kila mara, nami naiogopa: "Mimi naikumbuka ilivyokuwa ikilia." Kwa kauli hiyo mtu huongeza besi, hupunguza mvumo, hukata mikwaruzo na kunyoosha noti hadi sauti itakapofanana na ile anayoamini aliisikia miaka thelathini iliyopita. Kisha faili jipya husambazwa kwenye simu za watu, na kanda yenyewe hutupwa, au hurekodiwa kitu kingine juu yake. Mtoto atakayezaliwa Mvumi au Bahi mwaka ujao atalijua lile faili peke yake. Kwa hiyo tunapaswa kuulizana waziwazi kumbukumbu ya sauti inadumu muda gani, na inatunza nini hasa.

Wanaochunguza usikivu wa binadamu wamelijibu swali hili kwa sehemu kubwa. Picha kamili ya sauti, pamoja na ukali wake, unene wake na chembechembe zake zote, hukaa akilini sekunde chache tu. Baada ya hapo kinachobaki ni maelezo tuliyojipa kuhusu ile sauti: ilikuwa nzito, ilikuwa tamu, ilikuwa na vumbi. Mwaka 1970 mwanasaikolojia Diana Deutsch alionyesha kwamba mtu akisikia noti moja, kisha akapumzishwa kwa ukimya, anaweza kuilinganisha na noti ya pili bila taabu. Ila noti nyingine zikipigwa katikati, hata akiambiwa asizijali, makosa huongezeka sana. Maneno yakisemwa katikati hayamsumbui kiasi hicho. Sauti za muziki hufutwa na sauti nyingine za muziki. Sasa fikirini ni nyimbo ngapi zimepita masikioni mwenu tangu mlipoisikia kanda fulani kwa mara ya kwanza.

Hata tukiacha miaka, dakika zenyewe zinatudanganya. Chukueni amplifaya mbili, pigeni wimbo kwenye ya kwanza, chomoeni nyaya, unganisheni ya pili, pigeni tena. Kazi hiyo huchukua dakika mbili au tatu, na kufikia hapo sauti ya kwanza mmekwisha kuipoteza; mnachokilinganisha na sauti mpya ni maoni. Ikiwa ya pili imefunguliwa kwa nguvu kidogo zaidi, chini ya desibeli moja, wengi wenu mtasema ni safi zaidi wala hamtatambua kwamba tofauti ni ukubwa wa sauti tu. Ndiyo sababu wanaofanya majaribio ya kweli husawazisha sauti hadi tofauti isizidi sehemu ya kumi ya desibeli, hubadilisha kwa swichi papo hapo, na humficha msikilizaji kifaa kinacholia. Mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive, wa kampuni ya Harman ya Marekani, waliwaketisha wasikilizaji 40 mbele ya spika nne, mara spika zikiwa zimefichwa, mara zikiwa wazi. Zilipoonekana, alama zilibadilika. Ukubwa wa boksi na jina la kampuni viliingia masikioni mwa watu, na miongoni mwao walikuwamo wenye uzoefu mrefu.

Nawaomba mlipime hilo kwa zilipendwa. Nimewasikia wengi wakisema nyimbo za Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD) zilikuwa na besi nene ambayo nakala za sasa zimeipoteza. Wengi wetu tulizisikia wapi? Kwenye redio ya mbao iliyokuwa juu ya kabati, yenye spika moja ndogo, ikinasa mawimbi ya kati au mafupi. Matangazo ya namna hiyo hayabebi sauti za juu kupita takriban hezi 5,000, na spika ya ukubwa ule haiwezi kutoa besi ya chini hata ikilazimishwa. Ile besi hatukuipata hewani. Tumeijenga wenyewe baadaye, tuliposikia nyimbo zilezile kumbini na kwenye vyombo vikubwa, na tulipozeeka nazo. Sisemi mapenzi hayo ni ya uongo. Nasema hayafai kuwa kipimo cha kugeuzia kitufe cha besi kwenye kanda ambayo nakala yake ni moja tu.

Ni moja tu kwa sababu inayojulikana. Nchi haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, kwa hiyo studio ya RTD, kwenye Barabara ya Pugu ambayo leo inaitwa Nyerere, ilirekodi bendi, kwaya na vikundi vya ngoma kwa ajili ya kurusha hewani. Baadhi ya nyimbo zilipelekwa Kenya zikatoka kwenye santuri. Nyingine nyingi zilibaki kwenye rili, yaani magurudumu ya kanda, na za ngoma za mikoani ndizo zilizobaki zaidi, maana hakuna mfanyabiashara aliyeziona kama mali.

Sasa niwape upande wa pili, kwa sababu sikio halisahau kila kitu, na mtu akisema kumbukumbu ya sauti ni bure kabisa atakuwa amekosea vilevile. Mwaka 1994 mwanasaikolojia Daniel Levitin aliwataka wanafunzi 46, wengi wao si wanamuziki, waimbe nyimbo wanazozipenda bila kusikilizishwa chochote kwanza. Walio karibu asilimia 40 walianza kwenye noti ileile ya rekodi angalau katika wimbo mmoja kati ya miwili. Miaka miwili baadaye, yeye na mtafiti mwenzake Perry Cook walipima mwendo wa nyimbo hizohizo, wakakuta zaidi ya theluthi mbili ya uimbaji ule haukuachana na mwendo wa rekodi kwa zaidi ya asilimia nane. Kumbe kimo cha noti, kasi, mpangilio wa sauti na maneno hukaa kwa miaka mingi. Kinachotoroka kwa urahisi zaidi ni undani wa rangi ya sauti: ung'avu, ujoto, uzito, vile vitu hasa ambavyo sisi wapenda sauti tunajisifu kuvikumbuka.

Tofauti hiyo ndiyo ingeongoza kazi yenu. Mama wa Nzali au Chinangali aliyeimba wimbo fulani miaka ya 1970 akikwambia kanda yako inakwenda mbio, msikilize, kwa maana hapo kumbukumbu yake ina nguvu. Rili iliyorekodiwa kwa sentimita 19 kwa sekunde ikichezwa kwenye deki inayozidi kasi hiyo kwa asilimia tatu tu, wimbo wote hupanda kwa robo toni. Masikio yake yatalibaini hilo pengine kabla ya mashine yako. Akikwambia mwimbaji wa kujibu anaingia mapema mno, au kwamba kuna sauti ya tatu haisikiki, mwamini pia, kisha tafuta kilichotokea. Lakini usimuulize kama kanda "ilikuwa na joto zaidi". Hilo halijui, nawe hulijui, wala mimi silijui.

Naandika haya kuhusu Ugogo kuliko mahali pengine kwa sababu muziki wa Wagogo ndio unaoharibika upesi zaidi ukisafishwa kwa sikio lililozoea kinanda. Wengi wenu mnamfahamu Hukwe Zawose, aliyezaliwa Doyoma, akaitwa Dar es Salaam enzi za Mwalimu Nyerere kujiunga na kundi la taifa, akafundisha Bagamoyo na kurekodi na kampuni ya muziki ya Real World ya Uingereza kabla ya kufariki Desemba 2003. Sauti yake ilizunguka dunia. Misingi ya sauti ile ni ya vijiji vyetu, na ina hesabu yake.

Ukiuvuta uzi mmoja wa zeze, ndani ya mlio wake kuna milio mingine midogo inayotetema mara mbili, mara tatu, mara nne na kuendelea kuliko mlio wa chini. Mpangilio wa noti za Wagogo unafuata milio hiyo ya ndani, takriban kuanzia wa nne hadi wa tisa, na mtaalamu Gerhard Kubik ameueleza kwa kirefu. Mlio wa saba hauko kwenye kinanda chochote cha dukani. Kinanda hugawa oktava katika hatua 12 zilizo sawa, na hatua ya kutoka mlio wa sita hadi wa saba ni fupi kuliko hatua ya kinanda iliyo karibu nayo kwa theluthi nzima ya nusu toni. Sikio lililolelewa na kinanda cha kwaya na miondoko ya studio hulisikia hilo kama kosa. Fundi anaufungulia wimbo programu ya kunyoosha noti, kila noti inavutwa hadi kwenye mstari wake, na kwaya ya wanawake iliyokuwa ikiimba kwa usahihi mkubwa inageuzwa kuwa kwaya ya kawaida. Ule mngurumo unaojitokeza sauti zao zinapokutana, kana kwamba kuna mtu mwingine anaimba chini yao, unapotea. Hautarudi kwa kugeuza kitufe chochote.

Angalieni tofauti iliyopo. Kanda iliyochezwa kwa kasi isiyo sahihi huzisogeza noti zote pamoja, na uwiano wa sita kwa saba unabaki palepale. Mtu wa kesho anaweza kuirekebisha kwa hesabu ndogo. Programu ya kunyoosha noti hubomoa uwiano wenyewe. Kosa la kwanza lina dawa, la pili halina.

Hali ni hiyohiyo kwa ilimba, ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole. Wapenda sauti husumbuliwa na ule mvumo wa kukwaruza unaoambatana na vyuma vyake. Wengine husema maikrofoni ilikuwa mbovu, au kanda imechoka. Ule mvumo ulitengenezwa makusudi. Fundi wa ilimba hutoboa tundu kwenye sanduku la ala na kulifunika kwa utando wa buibui ili utikisike na kuvuma kila noti inapopigwa. Kwenye ilimba kubwa huweka pia vyuma ambavyo vidole havivigusi kabisa, navyo huitikia vyenyewe pale jirani zao wanapolia. Programu ya kuondoa kelele haiwezi kujua kwamba mtu alimtafuta buibui kwa ajili ya kelele hiyo. Inajifunza sampuli ya mvumo, inauondoa kila unapotokea, na kutuachia vyuma vitupu. Mkitaka kujua ilimba inavumaje, ipo njia fupi kuliko kukumbuka: nendeni Chamwino wakati wa Tamasha la Muziki wa Cigogo, mkasimame hatua mbili kutoka kwa mpigaji.

Ngoma za muheme nazo zinaonewa. Wanawake huzishika katikati ya mapaja, ngozi zikiwa zimekazwa kwa moto, na mlio wake una mpasuko mfupi mkali ambao kanda za zamani huubeba kwa shida. Fundi akiona mpasuko ule unagonga ukomo wa mita yake huubana, kisha hupandisha sauti yote. Wimbo unakuwa mkubwa na bapa. Masikio yetu, kama nilivyosema, huchukulia ukubwa kuwa usafi, kwa hiyo mteja anafurahi.

Mkusanyaji wa rekodi za muziki wa Afrika, Hugh Tracey, alipopita Tanganyika mwaka 1950 na gari lake la kurekodia hakuliamini sikio lake peke yake. Alitembea na seti ya uma za kupimia noti, akazilinganisha na vyuma vya marimba na ilimba za watu kimoja kimoja, akaandika namba. Namba hizo na rekodi zake zimo katika maktaba ya muziki wa Afrika, ILAM, huko Afrika Kusini. Yako mengi ya kubishana naye, lakini kwa kazi hii alitangulia wengi: alijua kwamba akifika nyumbani baada ya wiki kadhaa, atakumbuka kuwa ilimba ilikuwa nzuri na hatakumbuka ilikuwa imekazwaje. Leo simu ya mkononi ina programu ya kupima noti kwa usahihi kuliko uma zake, na wapo mafundi wa ilimba walio hai, wazee, katika wilaya zetu. Ni watu wangapi wamekwenda kuwapimia? Hilo linanikera kuliko kanda zilizoharibika, kwa sababu kanda iliharibiwa na kosa la mtu mmoja, lakini hawa tunawapita kila siku.

Kwa hiyo haya ndiyo ninayowaomba mafundi na watunza kanda. Kanda ikija mikononi mwenu, kwanza msafishe kichwa cha deki na kukipanga sawasawa na njia ya kanda, maana kichwa kilichoinama hula sauti za juu, kisha watu husema kanda imezeeka. Iingizeni kwenye kompyuta nzima, pande zote, bila kugusa besi, trebo wala kelele. Chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti na picha, IASA, kinashauri angalau hezi 48,000 na biti 24, na kinakataza kabisa kupamba sauti wakati wa kuihamisha. Faili hilo lifungwe, liwekwe mahali pawili tofauti. Baada ya hapo chukueni nakala yake, muisafishe mpendavyo kwa ajili ya harusi na redio, na jina la faili liseme kwamba imesafishwa. Rili yenyewe isitupwe hata kama imehamishwa vizuri, kwa kuwa deki za kesho zinaweza kusoma zaidi ya za leo.

Mkitaka kujua kama kazi yenu imeifaa kanda, ilinganisheni na nakala ya mwanzo kwa swichi, sauti zikiwa sawa, na mtu mwingine akibadilisha msijue ipi ni ipi. Rudieni mara nyingi. Ikiwa hamwezi kuzitofautisha, hakuna haja ya kuigusa. Ikiwa mnaweza, muiteni mtu wa Ugogo anayeimba, si mpenda spika, aseme ipi ni wimbo wao.

Kwenu ninyi wapenda sauti msio mafundi, ombi langu ni dogo na pengine ni gumu zaidi. Ubishi wenu ni mzuri, uendelee. Lakini mnaposhauri kanda irekebishwe, semeni mnakumbuka nini: noti, mwendo, maneno, nani alifuata nani. Hayo yaandikeni, mtie tarehe na kijiji, kwa kuwa hakuna kumbukumbu nyingine ya mambo hayo. Yanayohusu ung'avu na ujoto wa sauti yaachieni rili iseme yenyewe.

Na neno moja kwa wenye mamlaka, kwa kuwa barua hii iko wazi. Serikali imehamia Dodoma. Joto lenye unyevu la Pwani ni adui wa kanda. Huleta ukungu na kulegeza gundi inayoshika unga wa sumaku. Uwanda huu, ulioinuka mita zaidi ya 1,100, una miezi mingi mikavu kila mwaka. Vumbi letu ni kali, lakini vumbi huzuiwa kwa mlango mzuri na kichujio cha hewa. Shirika la Utangazaji Tanzania na wizara yenye dhamana ya utamaduni wanaweza kuweka hapa ghala la rili za ngoma za mikoani, lenye deki mbili nzima na fundi mwenye vipuri, pamoja na chumba kimoja ambamo mwimbaji kutoka Nzali ataketi na kusikiliza alichoimba mama yake. Tuna chuo kikuu mjini, na wako wasomi wa muziki huu waliozaliwa humuhumu, kama Dkt. Kedmon Mapana wa Nzali. Watu wapo. Rili zipo, ingawa hazitakuwapo kwa muda mrefu zikiendelea kukaa zilipo.

Mwenye kanda ya ngoma za Kigogo nyumbani, ya rili au kaseti, asimpe mtu aisafishe kabla haijahamishwa kama ilivyo. Aiweke wima ndani ya boksi lake, mbali na spika na jua, aandike juu yake kijiji na mwaka, kisha atafute fundi atakayekubali masharti hayo. Asipompata, aisubirishe.

Ni mimi ndugu yenu katika kusikiliza,
Dodoma